Skolashipu ya Kutumika: Namna Mtoto Wetu Alivyosomea Udaktari wa Meno

Na mwanachama wa Pemba

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za mtoto wa ndugu yangu, ambaye wengi wenu mmekwisha kusikia kuwa sasa ni daktari wa meno huko Marekani. Habari zake zimesemwa sana barazani na sokoni. Wako wasemao kuwa serikali ya Marekani imemsomesha bure, na wako wasemao kuwa tuliuza mikarafuu ya urithi ili asome. Yote mawili si kweli. Hakusomeshwa bure, wala hatukuuza mti hata mmoja. Alisoma kwa mkataba wa kutumika. Nataka kuwaeleza mkataba huo ni kitu gani, huombwaje, na hulipwa kwa kitu gani. Wanachama wenye watoto waliozaliwa ng'ambo watapata faida, na hata wale ambao watoto wao wasoma papa hapa visiwani au Bara, kwani mikataba ya namna hii haiko Marekani peke yake.

Barua kutoka Ohio

Ndugu yangu mdogo alihamia Marekani zamani, akakaa katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, akafanya kazi katika ghala la mizigo. Binti yake wa kwanza alizaliwa huko huko. Alipokuja kututembelea akiwa na miaka kumi na mbili, alimkuta bibi yake ameweka punje mbili za karafuu penye gego linalomsumbua. Akacheka, akasema, "Bibi, hiyo si ya kutia katika pilau?" Bibi yake akamjibu, "Mjukuu wangu, ya pilau ndiyo hiyo hiyo ya jino."

Miaka mingi baadaye aliniandikia: "Ami, leo mwalimu ametufundisha dawa ya Bibi." Alikuwa amejifunza kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kiitwacho yujenoli, nacho ndicho kitulizacho maumivu. Madaktari huyachanganya mafuta hayo na unga wa oksidi ya zinki, ukapatikana ugo mzito wa kuzibia jino kwa muda. Wenzangu, tuchumapo na kuanika karafuu zetu, na makonyo yapelekwapo kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta, tukumbuke kuwa chumba cha daktari wa meno nacho ni soko letu la tangu zamani.

Lakini kabla ya kufika darasani palikuwa na mlima wa kupanda, nao ni ada. Huko Marekani mtu hatoki skuli ya sekondari akaingia moja kwa moja kusomea meno. Kwa kawaida hupata kwanza shahada ya miaka minne, akafanya mtihani maalumu wa kuingilia, ndipo akasoma miaka minne mingine. Amalizapo hupewa shahada iitwayo DDS au DMD. Majina ni mawili, kazi ni moja. Wale wasomao kwa mkopo humaliza wakiwa na deni ambalo kwa wastani hukaribia dola 300,000. Hata tungaliuza mikarafuu yetu yote mpaka wa mwisho, tusingalifika karibu.

Hata hivyo ndugu yangu alipiga simu akasema, "Kaka, sehemu yangu ya mikarafuu iuzwe, japo ilipe mwaka mmoja."

Neno la mama yetu

Mimi nilikuwa tayari kukubali. Aliyekataa ni mama yetu. Alisema hivi: "Baba yangu alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, kwa fedha za kulipa wachumaji wa msimu mmoja. Msimu ukawa mbaya. Tangu siku hiyo tukawa twachuma karafuu zetu kwa ajili ya mtu mwingine."

Wazee wenu nanyi mliwasikia wakisema kama hayo. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka, na mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuwekwa rehani. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya wakulima yasichukuliwe ovyo kwa madeni. Mama hakuyasoma hayo kitabuni. Aliyaona nyumbani kwao.

Basi akasema mambo mawili. La kwanza, mti wa urithi hauuzwi kwa ada ya mwaka mmoja huku mitatu iliyobaki haijulikani italipwa na nani. La pili, hataki mjukuu wake aanze maisha na deni la riba. Nikamwambia, "Mama, basi atasomaje?" Akasema, "Tafuteni. Pale penye mlango mmoja mbovu hapakosi mwingine."

Mlango mwingine

Mlango ule aliutafuta binti mwenyewe, akaupata. Iko idara ya serikali ya Marekani iitwayo National Health Service Corps, maana yake kikosi cha taifa cha kuwahudumia watu kwa afya. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1970, na mpango wake wa skolashipu ukafuatia mwaka 1972. Sababu yake ni kwamba madaktari hupenda kukaa mijini penye watu wenye fedha, na vijiji na mitaa ya maskini hubaki bila mganga. Kwa upande wa meno, eneo laweza kuhesabiwa kuwa lina upungufu likiwa na watu 5,000 au zaidi kwa daktari mmoja. Hata katika nchi tajiri kama ile, zaidi ya watu milioni 50 wakaa katika maeneo ya namna hiyo.

Serikali basi husema na mwanafunzi hivi: Sisi tutakulipia ada yote na malipo mengine ya lazima ya chuo, na tutakupa posho ya kila mwezi ya kula na kulala. Wewe ukishamaliza na kupata leseni, utakwenda kufanya kazi katika eneo lenye upungufu, mwaka mmoja kwa kila mwaka tuliokulipia. Miaka ya kutumika haipungui miwili, na msaada hauzidi miaka minne. Ada haikatwi kodi, lakini posho hukatwa, na hilo yafaa mwanafunzi alijue mapema asije akapanga nyumba ya fedha asizozipata.

Iko na njia nyingine. Majeshi ya Marekani husomesha madaktari wa meno kwa mkataba ulio karibu na huo, na malipo yake ni kuwa afisa jeshini. Wazawa wa asili wa nchi ile nao wana mpango wao chini ya idara yao ya afya. Binti yetu aliitazama ile ya jeshi, ambayo fedha zake ni nzuri, akaona haimfai, kwani askari hupelekwa apelekwako. Lakini vijana wengine wameifuata na wamefanikiwa. Kila mtu na alitazamalo.

Maombi, na kosa lililotupotezea mwaka

Hapa nawaomba msome taratibu, kwa sababu sisi tulikosea.

Mwombaji wa skolashipu ile lazima awe raia wa Marekani. Mtoto wa hapa hawezi kuiomba akiwa hapa, na mtu akikwambia aweza ukimpa fedha, mtu huyo anakudanganya. Lazima pia awe amekubaliwa na chuo kilichotambuliwa, au awe amekwisha kuingia, na asome muda wote wala si nusu siku. Asiwe amefungwa na ahadi nyingine ya kutumika, wala asiwe na deni la serikali alilolikimbia.

Karatasi zitakiwazo ni nyingi: uthibitisho wa uraia, matokeo ya masomo yote, barua ya chuo, maelezo ya kazi alizowahi kufanya, insha, na barua mbili za watu wanaomjua, mmoja wa masomoni na mmoja wa nje ya masomo. Insha ndizo zipimazo moyo. Huulizwa kwa nini wataka kuwatibu maskini, na umefanya nini hata tukuamini. Binti aliandika habari za kituo cha afya alichojitolea kila Jumamosi, mahali ambapo wahamiaji wengi huja na hawajui Kiingereza. Aliandika pia habari za gego la bibi yake. Nilipomuuliza kama hilo si jambo dogo, alisema, "Ami, wao hawataki maneno makubwa. Wataka kujua kama nimewahi kumwona mtu mwenye maumivu na daktari yuko mbali."

Mwaka wa kwanza kila kitu kilikuwa tayari ila barua moja. Mwalimu mmoja aliahidi kuituma, akasema mara mbili kuwa ataituma, na siku ya mwisho ikapita. Maombi yasiyokamilika hayasomwi. Hapakuwa na wa kumlilia. Binti alikuwa amekwisha kukubaliwa chuoni, na kuacha nafasi ile ni kuipoteza. Akaingia, na mwaka wa kwanza akaulipa kwa mkopo wenye riba, jambo lile lile alilolikataa bibi yake. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Sasa umejua bei ya barua moja."

Mwaka wa pili aliomba tena. Safari hii aliwaomba barua watu wanne badala ya wawili, akawakumbusha kila wiki, na mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho kila kitu kilikuwa kimefika. Waombao ni wengi kuliko nafasi, na waliofaulu masomo nao hukosa. Yeye alipata, kwa miaka mitatu iliyobaki.

Usiku wa kuusoma mkataba

Kabla hajatia saini alitupigia simu baada ya isha, akausoma mkataba kifungu kwa kifungu na kutufasiria. Simu iliwekwa juu ya jamvi katikati yetu. Nasema kweli, katika maisha yangu ya ukulima nimetia saini karatasi nyingi, lakini sikuwahi kusoma hata moja namna ile.

Mama aliuliza maswali matatu.

"Akifa?" Jibu: Wajibu wote hufutwa. Hapana adaiwaye, wala baba wala ndugu.

"Akiugua asiweze kazi?" Jibu: Aweza kuomba asimamishiwe kwa muda, au asamehewe. Lakini haiji yenyewe. Lazima aombe na kuthibitisha, na serikali ndiyo iamuayo.

"Akiacha?" Hapa binti alinyamaza kidogo, ndipo akasoma. Akiacha masomo njiani, au akifukuzwa kwa kushindwa, hurudisha fedha zilizolipwa. Lakini akimaliza masomo kisha akakataa kutumika, hudaiwa mara tatu ya fedha zote alizopewa, pamoja na riba, na hutakiwa alipe katika mwaka mmoja. Mfano: aliyelipiwa dola 100,000 na asitumike hata siku moja hudaiwa dola 300,000, bado riba. Aliyetumika nusu ya muda wake hudaiwa kwa ile nusu iliyobaki, yaani dola 150,000, na riba vile vile. Hata kujitangaza muflisi hakumwokoi upesi, kwani deni hilo halifutwi kwa njia hiyo mpaka ipite miaka saba.

Sote tulikaa kimya. Mama akasema, "Kumbe riba imelala nje ya mlango. Basi mtoto asimfungulie." Kisha akamuuliza mjukuu wake, "Wewe wataka kwenda kuwatibu watu hao, au wataka ada tu? Kama wataka ada tu, usitie saini. Mwaka wa pili utachoka, na kuchoka kwako kutakuwa mara tatu."

Binti aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu akatia saini.

Miaka ya kutumika

Alipomaliza alitaka apewe kazi Columbus, karibu na wazazi wake. Haikuwezekana. Mwenye skolashipu hutakiwa atafute kazi katika vituo vilivyoidhinishwa, na katika maeneo yenye upungufu mkubwa zaidi, kwa alama zinazowekwa na serikali. Vituo vya karibu havikuwa na alama za kutosha. Akapata katika mji mdogo wa milimani, mashariki ya jimbo la Kentucky, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Mshahara hulipwa na kituo chenyewe, kama mfanyakazi mwingine, nao si mbaya. Kazi ni saa 40 kwa wiki, na wiki zisizopungua 45 kwa mwaka.

Sitawaficha kuwa mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mchumba wake, kijana wa watu wetu, alikuwa na kazi yake Columbus na hakuweza kuiacha. Harusi iliahirishwa mara mbili. Binti alikuwa akipiga simu usiku akilia, akisema mji hauna hata mtu mmoja wa kusema naye Kiswahili. Mama alimwambia, "Umebaki na miezi mingapi? Ihesabu kama tuhesabuvyo pishi. Moja moja hujaa gunia."

Lakini alitueleza pia habari za wagonjwa wake. Huja watu wa miaka thelathini ambao hawajawahi kuketi kiti cha daktari wa meno, wakamwomba awang'oe meno yote kwa pamoja, kwani hawana imani kuwa daktari atakuwepo mwakani. Kazi yake kubwa, asema, ni kuwashawishi wakubali kuzibwa badala ya kung'olewa, na kuwaahidi kuwa atakuwepo. Siku moja alikuja mzee aliyefanya kazi migodini, shavu limevimba, na mfukoni ana chupa ndogo ya mafuta ya karafuu aliyoinunua duka la dawa. Binti akamwambia, "Mafuta haya yatoka kwenye mti kama wa shamba la bibi yangu." Mzee hakuamini. Ikabidi amwonyeshe picha ya mama yetu amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu.

Harusi ilifungwa mwaka jana. Amebakiza mwaka mmoja wa ahadi, na asema huenda akakaa zaidi kwa hiari yake. Hilo ni lake na mumewe.

Mambo ya kutazama kabla ya kutia saini

Kwa wanachama ambao watoto wao watapata skolashipu ya kutumika, iwe ya serikali yoyote au ya hospitali yoyote, hapa au ng'ambo, nawashauri haya:

Kwanza, soma masharti ya mwaka wako. Hutolewa upya kila mwaka, na ya mwaka jana yaweza kuwa yamebadilika. Usitegemee maneno ya mtu, hata yangu mimi.

Pili, hesabu miaka na si fedha tu. Uliza hasa: mwaka wa masomo walipwa kwa muda gani wa kazi? Kazi yaanza lini? Je, muda wa mafunzo ya ziada wahesabiwa au hauhesabiwi?

Tatu, uliza nani achaguaye mahali. Mtoto akiwa na mchumba, au mzazi mgonjwa, jambo hilo lizungumzwe kabla ya saini.

Nne, tafuta kifungu cha kuvunja mkataba na ukisome kwanza kabla ya vingine. Mwenye kukupa fedha hukuonyesha upande wa ada. Upande wa adhabu lazima uutafute mwenyewe.

Tano, barua za mashahidi ziombwe mapema, na kwa watu zaidi ya idadi itakiwayo.

Sita, na hili ndilo la mama yetu: mtoto aulizwe kama aitaka kazi yenyewe. Rehani ya shamba hulipwa kwa karafuu, na msimu mbaya waweza kuomba kungojewa. Mkataba huu hulipwa kwa siku za maisha ya mtu, na siku haziazimwi kwa jirani.

Mkarafuu, kama mjuavyo, hupandwa leo ukaanza kuzaa baada ya miaka sita, saba au nane, na mwenye haraka huukata kabla haujamlipa. Binti yetu amesoma miaka minne na atatumika mitatu. Mikarafuu yetu ingali imesimama, na vuli hii, Mungu akijaalia, tutaichuma sisi wenyewe. Nakala ya maelezo ya mkataba ule ninayo. Mwanachama atakaye kuiona na anifuate siku ya mkutano, nitamfasiria.